Profesa wa Tumbo na Unga wa Ziwa

Cajetan alikuwa na tumbo lisilojua uongo, na hiyo ilikuwa hasara kubwa, kwa sababu mdomo wake haukujua kitu kingine. Mdomo ukianza kutunga, tumbo linaanza kunguruma. Uongo mdogo, linanong'ona. Uongo wa kushiba, linapiga kelele kama pikipiki iliyokataa kuwaka, na mwenyewe inabidi akohoe juu yake ili watu wasisikie. Ndiyo maana Etobicoke nzima, huko Canada, walimjua kuwa mtu mwenye kifua kibovu. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Siku moja ya Machi, theluji ikiwa imegeuka uji mchafu pembezoni mwa barabara ya Kipling, aliingia kwenye kliniki iliyo chini ya ghorofa kupasha moto vidole na kuazima choo. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, mzaliwa wa Pangani, umri umevuka hamsini, koti la kijivu, viatu vinang'aa hata kwenye matope. Biashara zake zote zilikuwa zimekwisha kujulikana. Bangili za sumaku zilizoponya magoti, watu walishazitupa. Mazulia ya Uajemi yaliyofumwa karibu na uwanja wa ndege, yalishachuja rangi. Alikuwa anatafuta kazi mpya ya heshima, yaani ile isiyohitaji kuamka mapema.

Mlango wa daktari ukafunguka. Akatoka mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, nyuma yake mama mnene aliyebeba makoti ya wote wawili. Walikuwa ndugu, Nazarali na dada yake mkubwa Roshanara, watu wa Mwanza zamani. Wakiwa na siri, ndugu hawa huongea Kiswahili, maana kwenye kliniki ile Kihindi chao kinaeleweka na nusu ya waliokaa.

"Kasema sina kitu," alisema Nazarali.

"Hakusema huna kitu, Nazar. Kasema vipimo ni safi."

"Si ndiyo hivyo? Mimi nahamia chooni, yeye anasema safi. Labda alikuwa anasifu choo."

Masikio ya Cajetan yalisimama. Alimtazama mzee, kisha akatazama viti vyote. Huyu kashika tumbo. Yule kafungua mkanda. Mama wa pembeni anapumua kwa awamu. Wote hawa, alijiambia, wataingia mle ndani na kuambiwa ni safi, na watatoka wamenuna, kwa sababu mtu aliyeumwa muda mrefu hatafuti dawa kwanza. Anatafuta mtu wa kumwamini, halafu jina la kuuita ugonjwa wake, jina refu la kuwaringishia jirani. Na majina ni kitu ambacho Cajetan angeweza kutengeneza bila mtaji.

Alikuwa anainuka kwenda kujitambulisha pale tumbo lake mwenyewe lilipomkata. Ikabidi aelekee choo kwa hatua za mtu anayejifanya hana haraka. Laiti tumbo lile lingemwacha kidogo tu, angesikia maneno yaliyofuata, na leo angekuwa tajiri wa watu.

"Wewe ukisikia neno moja unatoka mbio," Roshanara alisema akimvisha ndugu yake koti. "Dokta Farhat amekueleza vizuri mno. Kakuuliza kama unatoa damu, hutoi. Kilo hazijapungua. Choo kimepimwa, damu imepimwa, hata ngano imepimwa kama inakudhuru. Utumbo wako ni mzima, ila una wasiwasi. Tumbo na ubongo vinapigiana simu mchana kutwa, na simu yenyewe ina kelele. Ugonjwa upo, na yeye hakuukataa. Unywe isabgol na maji mengi, upunguze vitunguu na maziwa, ule kwa wakati, utembee baada ya kula. Halafu urudi umwone."

"Isabgol," alisema Nazarali, kama mtu aliyetajiwa mdai wake. "Nimepanda ndege mpaka Canada, nimeonana na daktari mwenye digrii ukutani, naambiwa nikanywe isabgol. Si ndiyo hiyo unayonipigia kelele wewe tangu Mwanza?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi siinywi."

Asiyeijua isabgol, ni maganda ya mbegu, meupe, mepesi kama pumba. Ukiyatia kwenye maji yanavimba yanakuwa uji wa kuteleza, na uji huo huenda kufanya kazi ya adabu huko chini. Hakuna jiko la Mhindi wa Afrika Mashariki lisilo na kopo lake, nyuma ya sukari. Hilo la Roshanara lilikuwa limehama naye nchi hadi nchi. Nazarali hakuwa na ugomvi na maganda. Ugomvi wake ulikuwa na dada. Tangu utoto Roshanara alikuwa na tabia moja mbaya sana, ya kuwa sahihi kila mara, na mdogo wake alishaapa kwamba hatamkubalia hata siku moja.

"Na harusi ya Almina?" dada aliuliza.

Almina alikuwa mjukuu wake, msichana aliyefiwa na baba angali anasoma, na mwezi wa tano angeolewa. Babu ndiye angeingia naye ukumbini, akae naye jukwaani mpaka hotuba ziishe, na hotuba za watu wao haziishi. Nazarali alijua kila choo kuanzia stesheni ya Kipling hadi Albion, lakini basi hakuweza kulipanda likapita vituo vitatu bila yeye kushuka. Jukwaani atashukia wapi?

"Mwambie atafute mtu mwingine wa kumsindikiza," alisema polepole.

Roshanara alimfunga skafu shingoni, akaikaza kuliko ilivyohitajika.

Ndipo Cajetan akarudi, mikono imenawa, uso umetakata.

"Shikamoo, mzee wangu. Shikamoo, mama."

Wanairobi si watu wa shikamoo, lakini Cajetan alikuwa na ufunguo wa kila mlango. Nazarali aligeuka kama aliyeguswa na jua. Wajukuu wake wote walimwita kwa Kiingereza, na wengi walimwita kwa simu.

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Wa nyumbani, mzee. Profesa Cajetan, mtaalamu wa tumbo la mhamiaji. Nilisoma Geneva." Tumbo likanguruma. Akakohoa. "Samahani, kifua. Nimesikia bila kukusudia. Wamekuambia huna kitu, sivyo?"

"Umewasikia?"

"Huwaambia wote hivyo. Mashine zao zinapiga picha. Tumbo si la kupigwa picha, mzee, tumbo ni la kusikilizwa. Mimi ninayo mashine ya kusikiliza. Una safari, una sherehe, una jambo gani mbele yako?"

"Harusi ya mjukuu," alisema Nazarali, na macho yakalowa.

"Utacheza," alisema Cajetan, na akakohoa sana.

Roshanara alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Njoo Jumatano. Wazee wa ghorofa letu hukusanyika kwangu kucheza karata. Utakunywa chai."

Mashine yenyewe ilikuwa spika ya karaoke ya mtumba, waya mrefu, na mwisho wa waya mfuniko wa sufuria ndogo uliosuguliwa ukang'aa. Ndani ya spika Cajetan alikuwa ametia sauti aliyoirekodi kwenye chumba cha kufulia cha ghorofa lake. Dawa aliitafuta kwa uadilifu. Hakutaka kuua mtu, maana mteja mfu harudi. Alikwenda duka la Wahindi, akamwuliza muuzaji kitu cha tumbo cha bei nafuu kisichodhuru. Muuzaji, akiwa anaongea na simu, akamwekea maboksi ya isabgol mezani. Cajetan alikuwa amelelewa kwa divai ya kanisani na samaki, kitu hicho hakukijua. Alikisaga, akakitia mdalasini na manjano kidogo, akakipaki kwenye chupa za kahawia, akakiita Unga wa Ziwa. Yaani mtu huyu alichukua unga uliomo katika kila jiko la Wahindi wa Mwanza, akaenda kuwauzia Wahindi wa Mwanza.

Jumatano wazee walijaa sebuleni. Wa kwanza kulala kwenye sofa alikuwa Lourdes, Mgoa mwenzake Cajetan, karani mstaafu. Mfuniko ukawekwa juu ya gauni. Spika ikaanza kuunguruma na kubwata.

"Hilo ni tumbo langu?" aliuliza Lourdes.

"Ni lako, mama. Linaomba msaada."

"Mbona kama linafua nguo?"

"Linafua. Tatizo lake halisuuzi."

Lourdes aliwaza, akaona maelezo hayo yana akili kuliko yote aliyowahi kupewa. Akapewa ugonjwa unaoitwa Upepo wa Kuzunguka. Aliyemfuata alipata Utumbo wa Mhamiaji, akafurahi sana, akampigia simu dada yake Mississauga papo hapo. Nazarali aliwekwa mwisho. Cajetan alisikiliza muda mrefu, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Mshipa wa Safari," alitamka.

Sebule nzima ikashusha pumzi.

"Ni mbaya?" aliuliza Nazarali.

"Ni wa watu wenye heshima tu."

Kila mmoja akalipia chupa yake. Cajetan akaenda jikoni kuchanganya kijiko cha kwanza cha mzee, Roshanara akimshikia glasi. Unga ukaingia majini. Ukaelea, ukanywa maji, ukaanza kuvimba. Roshanara akautazama. Akaunusa. Akageuza macho taratibu hadi kwenye rafu, nyuma ya sukari, lilipokaa kopo lake.

Alifungua mdomo. Wakati huohuo Nazarali, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinyoosha mkono akachukua glasi, akainywa yote bila kupumua, akajifuta masharubu.

"Dawa hii ina nguvu," alisema kwa heshima. "Naisikia inafanya kazi."

Roshanara akafunga mdomo. Kwa miaka yote amebembeleza, amepiga kelele, ameificha kwenye supu akagunduliwa. Leo tapeli mmoja kaitia mdalasini, na ndugu yake kaomba kijiko cha pili. Mwanamke mwenye haraka angeita polisi. Roshanara alichukua kitambaa akapangusa meza.

"Profesa," alisema Roshanara, mzee alipoondoka, "mimi mjinga, nauliza tu. Dawa kubwa kama hii, si inataka maji mengi?"

"Nilikuwa nataka kusema. Glasi nzima, na nyingine juu yake."

"Na chai ya maziwa haiivurugi?"

"Inaivuruga kabisa, mama. Marufuku."

"Vitunguu je? Nauliza tu."

"Vitunguu ni adui wa sayansi."

"Na akimaliza kula, alale au atembee?"

Cajetan aliusoma uso wake. "Atembee," alisema.

"Makubwa," alisema Roshanara. "Elimu ni kitu kizuri." Na Profesa akarudi sebuleni akayatangaza yote kama yaliyomjia kutoka Geneva. Nazarali akayapokea moja moja akitikisa kichwa. Ndivyo Dokta Farhat alivyopata msaidizi asiyemjua, anayevaa koti la kijivu na kulipwa na wagonjwa wenyewe.

Ikawa hivyo Jumatano hadi Jumatano. Roshanara anauliza swali la kijinga jikoni, Profesa anatoa amri sebuleni. Wiki moja mzee aliamriwa kula kwa wakati. Nyingine aliamriwa alale chali na kupumua kwa tumbo, polepole, kabla hajatoka nyumbani, ili simu ile ya tumbo na ubongo ipunguze kelele. Dokta Farhat alikuwa amemwonyesha zoezi hilo hilo, naye mzee akaliita upuuzi. Lilipotoka Geneva alilifanya kama ibada.

Na tumbo la mzee likaanza kutulia. Si kwa siku moja, wala halikutulia lote. Lakini alipanda basi, kikapita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, yeye yupo tu ameshika bomba anatazama nje. Alipofika Albion alimpigia dada simu kumwambia kwamba hakuna jipya, yuko Albion.

Jambo hili lilimsumbua sana Cajetan. Maishani mwake hajawahi kuuza kitu kikafanya kazi. Hakujua namna ya kusimama mbele ya mteja anayemshukuru. Aliwaza labda ana kipaji, akaanza kujiita Profesa hata akiwa peke yake.

Kilichoharibika kilikuwa tumbo lake. Kila Jumatano alikaribishwa mezani, na kwenye meza ya Roshanara mgeni hasemi nimeshiba. Wagonjwa walikula wali mweupe na samaki wa kuchemsha kama alivyoamuru yeye mwenyewe. Yeye, kwa kuwa mzima, aliwekewa mbaazi za nazi, kachori, kitunguu saumu kilichokaangwa mpaka kikanukia korido nzima.

"Ongeza, Profesa. Wewe ndiye pekee unayeweza kula vizuri hapa."

Aliongeza. Halafu uongo juu yake, kutwa nzima. Siku moja mashine ilikuwa bado haijachomekwa ukutani, na sebule ikasikia mngurumo wa kutisha.

"Hilo la nani?" aliuliza Lourdes.

"La jirani," alisema Cajetan, na mngurumo ukarudi kwa nguvu zaidi.

"Jirani apelekwe hospitali," alisema Lourdes.

Harusi ilipokaribia, Cajetan aliona wakati wa kuondoka umefika. Alikuwa na binamu Vancouver, na matumbo yapo hata Vancouver. Ila alitaka aondoke na kitu kizito. Akawatangazia wazee kwamba anafungua kliniki, na kwamba watakaotia fedha sasa watatibiwa bure maisha yao yote. Wazee wakatazamana, kisha wakamtazama Roshanara.

"Wazo zuri," alisema Roshanara. "Lakini sisi hatumpi mtu fedha hivihivi, tunaona haya. Sisi tuna upatu. Tulikuwa nao Mwanza, tukaja nao. Kila mmoja anatia, mmoja anapokea kapu zima. Na mgeni akiingia, kwa heshima, ndiye anayepokea wa kwanza."

Cajetan aliweka kikombe chini taratibu. "Wa kwanza?"

"Ndiyo desturi. Tena kiasi anachotia mgeni, kila mmoja wetu anatia kiasi hicho hicho. Ukitia kidogo, tutatia kidogo. Sisi si watu wa kumpita mgeni."

Akili ya Cajetan ilipiga hesabu mpaka ikatoka jasho. Wazee walijaa sebule. "Na kapu linatolewa lini?"

"Harusini, mbele ya watu, upigiwe makofi. Ila mpokeaji hafungui hapohapo, kwetu ni aibu kubwa. Anafungua kwake."

"Desturi nzuri sana," alisema Cajetan. Safari hii tumbo lake halikusema neno. Alikuwa anasema kweli.

Alitia kila alichowakamua. Akaongeza akiba ya mazulia, akaongeza kilichobaki kwenye bangili. Roshanara akapokea kwa mikono miwili, akamwambia Mungu amzidishie.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Almina aliingia amevaa nyekundu na dhahabu, na mkononi mwake alikuwa babu yake, kofia mpya, shingo imenyooka. Asubuhi alikuwa amelala chali akapumua, akanywa glasi yake, akala wali wake kwa wakati. Walipofika katikati ya ukumbi Almina aliinama akamnong'oneza kwa Kiingereza, "Babu, uko sawa?" Naye akamjibu kwa Kiswahili, "Tembea, mama. Watu wanaangalia."

Wakakaa jukwaani. Hotuba zikaanza. Akaongea mjomba wa bwana harusi, akaongea rafiki wa mjomba, akaongea mtu ambaye hakuna upande uliomjua. Roshanara, kwenye meza ya mbele, hakugusa chakula. Alikuwa anamtazama ndugu yake tu, mikono imeshikana chini ya kitambaa cha meza. Nazarali alikaa. Mara moja alishika tumbo, na dada akaacha kupumua. Mzee akavuta pumzi ndefu kama alivyofundishwa, akaitoa, akaachia tumbo, akaanza kupiga makofi katika sehemu ya hotuba isiyohitaji makofi. Roshanara akachukua kijiko.

Kisha akachukua sahani nyingine, akaijaza mlima, akampelekea Profesa. Pilau yenye vitunguu vya kutosha mtaa. Mbaazi. Maharage. Maziwa ya baridi yenye lozi. Juu yake, biringanya la kitunguu saumu.

"Kula, Profesa. Leo ni siku yako."

Akala. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na wasiwasi ndani yake, na tumbo lake halikuwahi kutofautisha vitu hivyo viwili.

Baada ya keki Roshanara alisimama na kipaza sauti, akamtaja Profesa aliyemwezesha ndugu yake kukaa jukwaani siku hiyo. Alisema asante, na aliisema kwa dhati. Mfuko wa kitambaa wenye zipu ukaletwa, mnene, umejaa hadi masikioni. Ukumbi ukasimama ukapiga makofi. Cajetan akainama, akaweka mkono kifuani, na papo hapo tumbo likampa taarifa isiyo na majadiliano.

Alikimbilia choo na mfuko wake. Alikaa humo wakati watu wanacheza, na kila alipojaribu kuinuka aliitwa tena. Mfuko aliuweka magotini kama mtoto. Hatimaye akatokea mlango wa jikoni, akapita kwenye mapipa ya taka, akadaka basi, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Taa za ukumbi zilipopotea, akavuta zipu.

Juu kulikuwa na kontena la plastiki, lina wali mweupe na samaki wa kuchemsha, bado wa moto. Chini yake maboksi ya isabgol. Akayatoa boksi baada ya boksi mpaka akafika kwenye kitambaa. Yalikuwa yaleyale ya duka lile, yenye picha ileile aliyokuwa akiichana na kuitupa. Mwishoni kabisa, kwenye kona, lilikaa kopo moja kuukuu la bati, rangi imechubuka, limeandikwa kwa mkono, Mwanza.

Huko ukumbini, kila mzee alikuwa amekwisha kurudishiwa chake kabla keki haijakatwa, na fedha za mazulia na bangili zililipa wapiga ngoma.

"Polisi tusiwaite?" aliuliza Lourdes.

"Amemtibu ndugu yangu," alisema Roshanara. "Nimemlipa kwa dawa."

Cajetan hakufika Vancouver. Hakuwa na nauli, na hata angekuwa nayo, ndege ina choo kimoja na foleni. Alishuka kituo cha pili, akashuka tena kituo cha nne.

Majira ya joto yalipoingia, alikuwa amekaa kwenye kliniki ile ya Kipling, kiti kilekile, safari hii ana miadi. Alikuwa amekwisha kumwona Dokta Farhat mara moja. Aliulizwa juu ya damu na kilo, akapimwa hiki na kile, na leo alikuja kusikia majibu. Moyoni alijua yatakuwa safi, na tayari alikuwa amenuna.

Mlango ukafunguka, akatoka Nazarali, amenenepa mashavu.

"Profesa," alisema, akakaa pembeni yake. "Umekuja kumsaidia Dokta Farhat?"

"Nimekuja tushauriane kidogo."

Tumbo likanguruma, watu wawili wakageuka. Cajetan alianza kukohoa, Nazarali akamwekea mkono begani.

"Acha kukohoa, utaumia kifua bure. Maboksi unayatumia?"

Cajetan alitazama viatu vyake. "Yananikaba."

"Kwa sababu unaiacha ikae. Koroga, kunywa hapohapo kabla haijawa uji, halafu glasi ya maji juu yake. Anza na kidogo. Hukufundishwa hayo Geneva?" Mzee alisogea karibu. "Mimi nilikuwa na duka Mwanza. Isabgol nimeiuza kwa ratili, nimeiuza kwa gunia. Mdalasini wako ulikuwa wa bei rahisi sana, Profesa. Manjano ulizidisha."

Cajetan aliinua kichwa. "Ulijua?"

"Kijiko cha kwanza."

"Halafu ukanywa? Ukalipa?"

"Ulitaka nifanyeje?" Nazarali alichungulia mlango wa barabarani, kuona kama kuna mtu. "Ulitaka nimwambie dada yangu alikuwa sahihi? Nimezeeka nikikataa, siwezi kuanza sasa. Lakini mjukuu alikuwa ananingoja. Nilikuwa nimekwama kabisa pale, ndugu yangu, siwezi kunywa, siwezi kutokunywa. Ukatokea wewe na mfuniko wa sufuria. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Na fedha sikuzihofia. Mtu anayemwibia Roshanara bado hajazaliwa, na kama amezaliwa, naiona hali yako."

Nje, kwenye kituo cha basi, mama mnene alikuwa anasubiri na makoti mawili mkononi, ingawa ilikuwa Julai.

"Ila usimwambie," alisema mzee. "Anaamini hadi leo kwamba alinidanganya. Ana furaha sana."

"Sitamwambia," alisema Cajetan.

Wote wawili wakasikiliza. Wakangoja. Tumbo la Cajetan likakaa kimya kama maji ya mtungini.

"Vizuri," alisema Nazarali, akainuka, na muuguzi akaliita jina la Cajetan.